Kilomita chache, oili ya breki ya miaka minne

Swali ninalopigwa sana gereji siku hizi, hasa na watu wa hizi SUV za siti saba za familia, ni hili: "Fundi, gari ina kilomita elfu 30 tu, breki zitakuwaje na shida?" Jamani, breki hazisomi mita. Pedi ndo zinaliwa na kilomita, sawa, lakini oili ya breki inazeeka kwa kalenda hata gari ikiwa imelala yadi, na pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) zinakwama kwa vumbi, na huku Dodoma vumbi hatununui.

Angalia safari ya gari yenyewe. Japani gari mpya ya familia inakaguliwa na serikali mara ya kwanza ikifika miaka 3, baada ya hapo kila miaka 2, na watu kibao wanauza kabla ya huo ukaguzi maana una gharama zake. Kwahiyo gari inaweza kuingia mnadani na oili ileile ya kiwandani, ikakaa bandarini, ikapanda meli, ikasubiri yadi Dar, ndo we unaichukua inang'aa, harufu ya upya bado ipo, unailetea Dodoma. Siti zimefunikwa nailoni, oili ya breki inaenda mwaka wa nne.

Kuna bosi mmoja mtumishi, anakaa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, alikuwa anatoka Iringa na familia kwa njia ya Mtera. Kushuka mlima Nyang'oro pedali ikaanza kuwa laini, akikanyaga inashika, akikanyaga tena inashika kidogo, mwisho ikazama mpaka chini na gari inaenda tu. Akashusha gia, ikapungua, akapata sehemu pana akasimama. Wakakaa pale kama nusu saa hivi, akajaribu tena pedali, ngumu, safi kabisa! Wakaja mdogo mdogo mpaka Dodoma. Fundi wa kwanza aliyempelekea akakanyaga pedali, akazunguka nayo mtaani, akamwambia breki nzima, labda mguu ulikaa vibaya.

Mguu haukuwa na kosa. Ile oili ilichemka. Oili ya breki ya kawaida inavuta unyevu wa hewani, kupitia hosi za mpira na kupitia mfuniko wa kikopo chake, ndo asili yake. DOT 3 na DOT 4 ni madaraja ya oili ya breki. DOT 3 mpya lazima istahimili angalau nyuzi 205 kabla haijachemka, DOT 4 ni 230. Zikishaingiwa na maji kama asilimia 3.7 hivi, kiwango kinashuka mpaka 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Sasa kalipa ikipata moto kuzidi hapo, ndani kunatokea mvuke, na mvuke unabonyea wakati oili haibonyei, kwahiyo unakanyaga unaubana mvuke badala ya kusukuma pedi. Gari ikipoa mvuke unarudi kuwa oili na ushahidi wote umepotea. Ndo maana ukiileta gereji asubuhi hamna anayeona kitu. Ukimwambia fundi pedali ilizama halafu ikarudi yenyewe baada ya kupoa, hayo maneno peke yake yanatosha kumwelekeza, asikimbilie kubadilisha masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali). Masta silinda ikiwa mbovu inazama hata gari ikiwa imepoa: washa injini, kanyaga wastani, shikilia, ukiona pedali inashuka taratibu na oili kwenye kikopo haipungui, hapo ndo pa kuishuku.

Na moto wenyewe si mdogo. Chukua gari la tani 2, kila mita 100 za kimo ukiteremka kwa breki tupu, joto linalotengenezwa ni sawa na kulisimamisha kutoka spidi 100 mara mbili na nusu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500, Mtera kama 700, piga hesabu mwenyewe. Hizi gari ni nzito, zimejaa watu na magunia ya viazi, af dereva wa otomatiki yuko gia ya D mwanzo mwisho na mguu kwenye breki kilomita nzima. Weka L au 2, au ile M uchague gia ya chini, injini ishike gari, breki ukanyage kwa nguvu muda mfupi halafu uachie zipoe.

Tukaifungua ile SUV ya bosi. Kipimo cha maji kwenye oili kikawasha nyekundu, rangi ya oili ni chai ya rangi iliyokolea. Tairi la nyuma kulia, pedi ya ndani imebaki kama karatasi na ya nje iko nusu, na hiyo ukiiona mara nyingi ni pini ya kalipa imekwama, kalipa haitelezi, upande mmoja unasaga muda wote na kupika oili hata ukiwa hujakanyaga. Kile kimpira cha kufunika pini kilikuwa kimechanika, vumbi likaingia likachanganyika na grisi ikawa simenti. Usafi, kimpira kipya, grisi maalum ya breki. Nasisitiza maalum, maana grisi ya kawaida inavimbisha mpira. Na anayekuongezea oili ya injini au ya gia kwenye kikopo cha breki kakuharibia mipira yote kuanzia masta silinda mpaka tairi la mwisho, huyo mkimbie.

Hizi gari za handbreki ya kubonyeza kitufe zina mtego mwingine, pedi za nyuma hazibadilishwi kibabe. Kalipa ina mota, lazima kwanza uiweke kwenye hali ya matengenezo kwa mashine ya dayagnosi (baadhi zinakubali kwa hatua za kwenye dashibodi), mota irudi nyuma. Ukisukuma kwa klempu unavunja gia za ndani, na bei ya ile kalipa utalia.

Taa za dashibodi nazo watu wanazichanganya. ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) ya njano ikiwaka breki za kawaida bado unazo, ila tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga ghafla, na mara nyingi msaada wa gari lisiteleze unaondoka nao, kwenye gari refu hilo si la kupuuza. Nyekundu ya breki ukiwa umeshaachia handbreki, simama. Oili ikiwa imepungua, ama pedi zimeisha ama inavuja, kuongezea tu bila kutafuta sababu ni kujidanganya.

Mwisho, makosa ya kiwandani yapo hata kwa gari za bei kali. Mwaka 2024 BMW ilitangaza magari milioni 1.5 hivi yana shida kwenye mfumo wa breki uliotengenezwa na Continental. 2023 Hyundai na Kia waliita zaidi ya milioni 3.3 kule Marekani, oili ya breki ilikuwa inaweza kuvuja ndani ya moduli ya ABS ikapiga shoti na kuwasha moto, wenye gari wakaambiwa wapaki nje mbali na nyumba. We uliyenunua mkononi hakuna atakayekutumia barua, inabidi uingize namba ya chesisi mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Na gari za Kijapani za soko la kwao namba yao kwa kawaida ni fupi, haifiki herufi na tarakimu 17, ukiiweka kwenye tovuti ya Marekani inakataa, watu wanadhani gari haina tatizo. Ingia ukurasa wa Kijapani wa kampuni husika, washa tafsiri ya simu, weka namba, piga skrinishoti umtumie fundi wako kabla hujamlipa muuzaji.