Kuongeza Maadmini Si Kugawana Zamu

Kundi jingine la mtandaoni lililochoka limeniomba ushauri wa kujisimamia, na kabla sijajibu mmoja wao keshatoa dawa: "Tuongeze maadmini." Jamani! Wasimamizi hao wapo tisa tayari, na matangazo ya mikopo ya kitapeli yanalala humo hadi adhuhuri, maana kila anayeyaona anadhani mwenzake atayafuta. Wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo kinaenda mrama kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeshika usukani.

Cheo wapeni wengi mtakavyo. Zamu ni ya mtu mmoja, jina lake lijulikane, na awepo wa kumshikia akiugua. Spamu, yaani matangazo kama hayo, sina la kusema: futa, toa, endelea.

Kinachonikera ni ratiba ya "kila mtu siku mbili, haki sawa kwa wote". Kazi hii haipimwi kwa saa. Kufuta tangazo ni kubofya mara mbili. Kuamua ugomvi wa wanachama wawili wa siku nyingi, kila mmoja akikumiminia skrinishoti faraghani, ni usiku mzima, na kesho wote wawili wamekununia. Tena ugomvi humkimbilia mtu yuleyule: mpole, mwenye subira, asiyejua kukataa. Kwenye ratiba ana siku mbili kama wenzake. Kwa kweli yuko zamuni wiki nzima. WhatsApp nayo huonyesha jina la admini aliyefuta ujumbe, basi lawama zinamrundikia huyohuyo mpaka siku anajitoa kimyakimya. Ndiyo maana ugomvi nauwekea orodha yake: aliyeamua wa mwisho anarudi mkiani, hata kama wagombanao wanamtaka yeye. Na rufaa asiisikilize aliyetoa adhabu. Ndiyo, hata akiwa mwanzilishi wa kundi.

Halafu makabidhiano. Watu hukabidhiana kwa "zamu yako sasa" na kidole gumba. Telegram huonyesha hatua za wasimamizi za saa 48 tu. Zamu ikiwa ya wiki, ya Jumatatu huyakuti Jumapili. Andikeni. Si insha: "Muuza simu kaonywa mara moja, Jumanne, kakubali. Akirudia, anyamazishwe siku tatu." Bila hayo ataonywa "kwa mara ya kwanza" na wasimamizi wanne, na wanachama watajua upesi zamu ya nani ni laini.

Wasimamizi msibadilishwe wote kwa mkupuo. Kamati ya usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza huwapa wajumbe miaka miwili, lakini kila mwaka hupigiwa kura takriban nusu tu ya viti, ili wabaki wanaojua mambo yalikotoka.

Anayenishinda ni yule mvurugaji wa polepole, asiyevunja kanuni hata moja. Kila zamu humwona msafi, kwa kuwa kila zamu huona wiki yake tu. Msimamizi wa kudumu angeshamjua zamani. Sijaona ratiba inayomnasa. Kwa sasa nashauri jina lake lisitoke kwenye daftari la makabidhiano hata akitulia miezi. Wapo wanaouita huo uonevu, na siwabishii sana.