Rezolusheni ya kioo si ukali wa kioo

Wiki iliyopita nimelisikia tena kosa lilelile, la kudhani rezolusheni ya kioo ndiyo ukali wake. Nilikuwa dukani hapa Dodoma mjini, si mbali na Nyerere Square, natafuta kioo cha kompyuta yangu ya mezani. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi. Kutwa nakodolea macho vialama nijue kama hii ni nukta au mkato, na kioo nilichonacho kimeanza kunidanganya. Kijana wa duka akaniwekea viwili juu ya kaunta. "Mama, chukua hiki cha inchi 27. Kikubwa, halafu rezolusheni yake kali kuliko hicho kidogo." Hicho kidogo kilikuwa cha inchi 24. Nikageuza maboksi yote mawili nikasoma ubavuni. Namba ni ileile: 1920 × 1080.

Sikubishana, nyuma yangu kulikuwa na watu wanasubiri. Ila hii ni mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara mbili za kwanza waliosema walikuwa wasomi kunizidi.

Maana tuimalize haraka. Rezolusheni, kama inavyoandikwa kwenye boksi la kioo, ni idadi ya pikseli: nukta ngapi kwa upana, ngapi kwa kimo. 1920 mara 1080 ni nukta 2,073,600, ziwe zimetandazwa kwenye kioo cha inchi 24 au kwenye ukuta wa ukumbi. Ukali wa herufi hauji kwa idadi hiyo peke yake. Unakuja kwa jinsi nukta zilivyobanana, na kubanana huko kuna jina lake: msongamano wa pikseli, yaani pikseli ngapi zimeingia katika inchi moja.

Neno msongamano wala halihitaji mwalimu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa huu wa Dodoma, na 5,383,728 Dar es Salaam. Kwa idadi, sisi ni zaidi ya nusu yao. Lakini sisi tumetawanyika kwenye kilomita za mraba zaidi ya 41,000, wao wamejazana kwenye 1,400 hivi. Kwetu ni kama watu 75 kwa kilomita ya mraba, kwao wanapita 3,800. Hakuna mtu aliyepanda daladala Kariakoo akachanganya mambo hayo mawili. Sasa kwa nini tukifika kwenye kioo tunachanganya?

Nadhani kosa limo ndani ya neno lenyewe, na hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Rezolusheni tumelitoa kwenye Kiingereza, nao Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, kitenzi resolvere, maana yake kufungua kilichofungwa, kulegeza fundo. Kiswahili kina mzazi wa wazo hilohilo na tunalitumia kila siku bila kulitazama. Uzi ukijisokota umetata, ukiufungua umeutatua. Ile u ya katikati ndiyo inayogeuza kitendo, kama funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Kwa asili yake basi, rezolusheni ni utatuzi.

Kiingereza kikaenda na neno hilo njia mbili. Njia ya kwanza ikaelekea mikutanoni: jambo limetata, wajumbe wamelitatua, wameandika waliloamua. Huko ndiko sisi tunasema azimio, neno lenye asili ya Kiarabu, la kukaza nia. Njia ya pili ikaelekea kwa watu wa darubini na lenzi, ambao walitaka kujua kama chombo chao kinaweza kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, au kinavionyesha kama doa moja. Njia hizo hazikutani tena. Ndiyo maana nilicheka peke yangu siku nilipoletewa mwongozo wa mtumiaji uliotafsiriwa na mashine, umeandikwa "chagua azimio la skrini". Azimio ninalolijua mimi ni la Arusha, la 1967, na sikuona TANU imeingiaje kwenye mipangilio ya kompyuta. Nilifuta, nikaandika "idadi ya pikseli", mteja akalalamika kuwa si ya kitaalamu.

Hiyo njia ya pili unaweza kuijaribu mwenyewe usiku. Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijakolea, anga letu likiwa jeupe, toka uani ukitafute Kilimia, lile kundi la nyota zilizokaribiana. Mimi nikivua miwani naona kibonge cha ukungu. Nikivaa, naziona nyota sita, kila moja imekaa peke yake. Kilimia hakikuongezeka nyota kwa sababu nimevaa miwani; jicho langu ndilo limeweza kupambanua. Huo uwezo wa kupambanua ndio watu wa lenzi waliuita rezolusheni, na mpaka leo wanaupima hivyo: pembe ndogo kiasi gani, au mistari mingapi kwa milimita. Haikuwa hesabu ya jumla hata siku moja.

Halafu wakaja watengenezaji wa vioo vya kompyuta wakalichukua neno la ubora wakalibandika kwenye idadi. Kwa hiyo, ukitaka tuwe waadilifu, yule kijana wa duka aliyedhani rezolusheni maana yake ni ukali yuko karibu na asili ya neno kuliko boksi alilolishika mkononi. Boksi ndilo lililopotoka. Bahati mbaya boksi ndilo linalouzwa.

Pikseli nalo lina kisa chake, kifupi. Limeonekana kwenye maandishi mwaka 1965, katika makala za mhandisi Frederic Billingsley wa maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko California, aliyekuwa akishughulika na picha za vyombo vya anga. Yeye alilipata kwa Keith McFarland, na McFarland naye hakujua nani alianza. Ni "picha" kwa mkato wa magazeti ya Marekani (pix), ikaungwa na kipande cha neno lenye maana ya sehemu ndogo isiyogawanyika tena (element). Angalia kisichomo humo: kipimo. Pikseli haina ukubwa wake. Ni kama fungu la nyanya sokoni Sabasaba. Umenunua mafungu kumi, sawa, ya msimu upi? Mwezi wa neema fungu lina nyanya nane, mwezi wa shida lina tatu, na jina halibadiliki. Anayekuambia kioo kina pikseli milioni mbili amekuambia mafungu.

Hesabu ya kupata msongamano ni ya kidato cha pili, Pythagoras yuleyule. Chukua upana kwa pikseli uuzidishe kwa wenyewe, fanya hivyo kwa kimo, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Kwa 1920 × 1080 unapata kama 2,203. Hizo ni pikseli za ulalo, kona hadi kona, na inchi za kioo nazo hupimwa kona hadi kona. Gawanya. Kwa kioo cha inchi 24 ni karibu 92 kwa inchi. Kwa kile cha 27 ni karibu 82. Kikubwa ndicho chenye herufi butu zaidi, kwa sababu nukta zilezile zimevutwa kama unga wa chapati uliosukumwa kupita kiasi.

Na kuna hesabu moja iliyonifurahisha mpaka nikairudia mara mbili. Vile vioo vikuukuu vya inchi 17, vyenye umbo la kukaribia mraba, vilivyorundikwa stoo za maofisi vinakula vumbi, vina 1280 × 1024. Ukipiga hesabu unapata 96 kwa inchi. Kwa kubanana peke yake, kikongwe hicho kinamshinda bwana harusi wa inchi 27.

Jicho je, linataka ngapi? Jicho zima la kawaida hupambanua pembe ya kama dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, pembe hiyo ni kama milimita 0.17. Nukta ya kioo cha inchi 27 chenye 1920 × 1080 ina milimita 0.31, kwa hiyo jicho linaona ngazi kwenye mgongo wa herufi S. Kioo cha inchi 27 chenye 3840 × 2160, kinachouzwa kwa jina la 4K, kina pikseli kama 163 kwa inchi, na nukta yake ni milimita 0.16. Hapo ngazi zinapotea. Katikati yake kuna 2560 × 1440, kwa inchi 27 ni kama 109, na kwa mtu wa maandishi mwenye mfuko wa kawaida hicho si kibaya hata kidogo. (Hilo jina 4K nalo lina kero yake: 1080 ni hesabu ya kimo, 4K ni hesabu ya upana, tena iliyopandishwa hadi elfu nne. Tuliache.)

Umbali ndio unaoeleza mkasa wa shemeji yangu, aliyetoa televisheni ya inchi 32 sebuleni akaiunga kwenye kompyuta ili ajaze fomu zake za mtandaoni. Televisheni ile ina 1366 × 768, yaani pikseli 49 kwa inchi. Kwenye sofa, mita tatu, ilikuwa safi kama maji ya mtungi, maana kwa umbali huo jicho haliwezi kutenganisha nukta ndogo kama zile. Mezani, sentimita 60, herufi zikawa siafu. Shemeji akasema televisheni imeharibika. Haikuharibika, imesogezwa.

Kosa linalogharimu pesa kweli ni la upande wa pili. Mtu mmoja ninayefanya naye kazi alinunuliwa kioo kizuri cha 4K, inchi 27. Akakiwasha, maandishi yakatoka madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Akaingia kwenye mipangilio, "akapunguza rezolusheni" hadi 1920 × 1080, maandishi yakakua, akaridhika. Alichofanya ni kuzifunga nukta nne nne ziwe nukta moja. Amerudi kwenye 82 kwa inchi, kwa bei ya 163. Mahali pa kugusa palikuwa jirani, kwenye ukubwa wa maandishi na alama: uache idadi ya pikseli ilivyo, upandishe ukubwa hadi asilimia 150 au hata 200. Hapo herufi inakuwa kubwa na imechorwa kwa nukta nyingi zaidi. Nilimwonyesha. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine ofisini amejua.

Waya nao usidharauliwe, ingawa sina mengi ya kusema juu yake. Ule wenye kichwa cha bluu na vijiti 15 ni wa zama za 1987 na unapeleka picha kwa njia ya zamani inayotia ukungu kidogo. Ukiwa na tundu la HDMI au DisplayPort tumia hilo. Na kwa 4K, HDMI ya toleo la 1.4 itakupa picha 30 tu kwa sekunde, kishale cha mausi kitakuwa kinaruka kama panzi.

Wengine husema monita badala ya kioo. Sina ugomvi nao, ila neno hilo kwangu bado ni yule mtoto aliyesimama mbele ya darasa akiandika majina ya wapiga kelele. Naye, kwa Kilatini chake, ndiye mwenye haki zaidi: asili yake ni mtu anayeonya.

Jumamosi nilirudi dukani, mapema, kabla ya wateja. Nilichukua kile cha inchi 24, kwa sababu cha 4K kilikuwa hakijafika kutoka Dar na kazi hazisubiri. Nikiwa nalipa nikamwambia kijana, kwa upole maana ni rika la mwanangu wa mwisho, kwamba yale maboksi mawili yana rezolusheni moja, kinachotofautiana ni msongamano. Nilitegemea anichoke. Badala yake akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaniambia, "Hebu rudia, mama, unazidisha nini na nini?" Tukapiga pamoja. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika 92 kwenye boksi dogo na 82 kwenye kubwa.

Nikamwomba aongeze "pikseli kwa inchi" pembeni, maana mteja atakayekuja atadhani ni maelfu, na kwamba hicho kikubwa kimeshushwa bei.