Dawa Imebaki Kwenye Sufuria

Mtu akija kuniuliza habari ya ile chupa ya maji meupe iliyoandikwa witch hazel, kwanza nampa kipande cha gome la kichaka chake atafune. Hata dakika haiishi, kinywa kimeshakaza. Ni ukakasi uleule wa bibo ambalo halijaiva. Ukakasi huo ni tanini, na ndiyo inayokaza ngozi na kupunguza uvimbe. Maji ya chupani hayana.

Witch hazel, kwa jina la kitaalamu Hamamelis virginiana, ni kichaka cha misitu ya mashariki ya Marekani. Huchanua Oktoba na Novemba, majani yakipukutika, kwa maua ya njano yenye petali kama nyuzi zilizokunjamana. Tunda lake huchukua mwaka kukomaa, kisha hupasuka kwa mlio na kurusha mbegu mita kadhaa. Ukitulia utazisikia zikidondoka juu ya majani makavu.

Wamenominee wa Wisconsin, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, walichemsha majani yake na kuwasugua miguu waliokuwa wakiingia michezoni, misuli isikakamae. Wapotawatomi, wenyeji wengine wa asili, waliweka vijiti vyake majini, wakatumbukiza mawe ya moto, wakajifukiza kuondoa maumivu ya misuli. Aliyewahi kukaa chini ya blanketi na chungu cha majani ataelewa bila kuelezwa. Waosage, nao wenyeji wa asili, walitibu vidonda vya ngozi kwa gome.

Biashara ilikuja baadaye. Mwaka 1866 Thomas Dickinson alianzisha kiwanda huko Essex, Connecticut, cha kukeneka vijiti hivyo, yaani kuvichemsha na kukusanya mvuke wake uwe maji. Hapo ndipo dawa mbili zilipoachana. Tanini haipandi na mvuke. Inabaki chini ya mtungi. Maji yaliyokenekwa huongezwa alkoholi, kwa kawaida asilimia 14, na mkazo unaousikia usoni kwa sehemu kubwa ni wa alkoholi hiyo.

Kwa kuumwa na mbu au baada ya kunyoa, chupa inatosha. Kwa bawasiri na ngozi inayowasha mimi nachagua gome: gramu 5 hadi 10 kwa mililita 250 za maji, chemsha dakika 10 hadi 15, chuja, acha lipoe, lowesha kitambaa safi ukande. Si la kunywa, maana tanini nyingi huchafua tumbo. Na ukiona damu chooni, nenda hospitali kwanza, usianzie kwangu.

Kabla ya kukanda, tazama rangi. Maji yawe ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea.