Je, wajua kwa nini shamba la minazi halifai kupaliliwa hadi likang'aa?

Mkulima wa pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, anaijua hasara hii: upunga, yaani shada la maua ya mnazi, umefunguka vizuri, kisha vidaka, zile nazi changa kabisa, vinapukutika kabla ya kuwa vitale. Vichache vinavyobaki hukua na makovu yanayovuja utomvu. Wengi hulaumu jua. Mara nyingi mhusika ni mdudu wa jamii ya kunguni, anayefyonza upunga na vidaka na kuacha mate yenye sumu yanayoua sehemu changa ya tunda. Jina lake la kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi, kutokana na M. J. Way, mtafiti aliyeshughulika na tatizo hili Zanzibar miaka ya 1950.

Adui mkubwa wa mdudu huyo ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani juu ya miti. Ujenzi wao unastaajabisha. Baadhi huvuta majani mpaka yakutane, wengine huja na mabuu mdomoni, na buu ndiye anayetoa hariri ya kuyashonea. Wakishatulia mtini huzunguka usiku na mchana, na kunguni yule hapati nafasi ya kufyonza.

Sasa kwa nini shamba moja lina maji moto tele na la jirani halina? Jibu liko chini, kwenye majani yanayoota ardhini. Udongoni huishi sisimizi wengine wadogo wa kahawia, ambao askari wao wana vichwa vikubwa kuliko kawaida. Hao na maji moto hawapatani kabisa. Penye majani chini ya minazi, wale wadogo hupata riziki yao hukohuko chini, na maji moto hubaki na himaya yao juu. Ukipalilia mpaka udongo ukawa mtupu, wadogo hukwea minazi na kuwafukuza maji moto. Baada ya hapo kunguni hana wa kumzuia.

Najua palizi ni heshima ya mkulima, na shamba lenye majani humfanya aonekane mvivu mbele ya majirani. Hata hivyo, kwenye minazi naona kufyeka majani yabaki mafupi ni bora kuliko kuyang'oa yote kwa jembe. Wakwezi nao wana hoja, kwa sababu maji moto huuma vibaya, na ndiyo maana wengine huviharibu viota. Hasara ya kufanya hivyo huonekana msimu unaofuata.

Mambo ni hayo hayo kwa wadudu wengine. Shamba dogo lenye minazi, michungwa, mihogo na kunde kwa pamoja huwapa chakula na makao ya namna nyingi. Nyuki wadogo wasiouma hukaa kwenye mashimo ya miti mikongwe, na kuna nyuki wanaoishi mmoja mmoja wakichimba vishimo ardhini. Moto wa kusafishia shamba huwaunguza au kuwaharibia makao. Sumu ni mbaya zaidi. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi wamelazimika kupiga dawa, na dawa nyingi za aina hiyo huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi, yaani walinzi wa bure wa mahindi yenyewe.

Milimani Amani, huko Usambara Mashariki, kuna jambo linalodanganya macho. Iliki hulimwa chini ya miti mikubwa ya msitu, na ukitazama kwa mbali utadhani msitu mzima. Lakini vichaka na miche ya miti ya asili hufyekwa ili iliki ipate nafasi, kwa hiyo mti mkongwe ukianguka hauna mrithi. Wadudu wanaopenda jua na magugu huongezeka humo, ilhali wale wa kivuli kizito na majani yanayooza hupungua. Kipepeo ambaye kiwavi wake hula majani ya mti wa aina moja tu hawezi kuhamia kwenye mdalasini au karafuu, na Usambara Mashariki ina viumbe ambao hawapatikani kwingine popote duniani. Shamba la mchanganyiko huyashinda mashamba ya zao moja kwa wingi wa wadudu, lakini hao wa msituni haliwezi kuwatunza.