Robo si fungu la mirathi: dhana potofu kuhusu maradhi ya kinasaba na maneno ya hospitalini

Mjini Mombasa hakuna anayehitaji kufafanuliwa neno kurithi. Marehemu akiacha nyumba Mji wa Kale au shamba la minazi ng'ambo ya Nyali, jamaa hukaa kitako wakahesabu mafungu, na kila mmoja akajua lake: mjane aliyeachwa na watoto hupata thumuni, mume aliyeachwa na watoto hupata robo, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya dada yake. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe ana maradhi ya kurithi, huiendea moja kwa moja hesabu hiyo anayoijua, akajiuliza ni nani aliyekuwa na maradhi hayo hata akamwachia mtoto. Asipompata mtu huyo, huyakataa maneno ya daktari au, jambo lililo baya zaidi, humgeukia mama wa mtoto kwa lawama. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomea jamaa na majirani karatasi zao za maabara, na nimeona kwamba dhana nyingi potofu kuhusu maradhi haya hazitokani na ujinga. Hutokana na maneno ya kila siku ambayo, yakishaingia hospitalini, hubeba maana nyingine bila mtu kuambiwa kwamba yamebadilika.

"Kwetu hakuna, na kwao hakuna, basi si ya kurithi"

Asubuhi moja bibi mmoja jirani yangu alinijia barazani na mjukuu wa miezi minane begani. Vidole vya mikono ya mtoto vilikuwa vimevimba vikang'aa mithili ya ndizi sukari, na kila alipoguswa alilia kwa sauti ya kukwaruza, sauti ya mtoto aliyekwisha kulia usiku kucha. Alikuwa amesuguliwa mafuta ya nazi na amenyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na pamoja na hayo amepelekwa kliniki, ambako alipewa karatasi iliyoandikwa selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita sikoseli. Bibi alikuwa na hoja mbili. "Mwanangu, kwetu hakuna mtu wa hivi, wala kwao huyu mkaza mwanangu hakuna. Tena huyu alizaliwa mzima, hata wakunga walimsifu."

Hoja ya kwanza ingekuwa sahihi kama jeni, yaani maelekezo ya kuujenga mwili tunayoyapata kwa wazazi, ingekuwa nyumba. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya damu. Nakala moja hutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Katika selimundu badiliko ni dogo mno, kwani katika mnyororo mmoja wa protini hiyo ni kiungo cha sita pekee kilichobadilishwa, lakini badiliko hilo hufanya chembe nyekundu zipinde kama mundu pindi oksijeni inapopungua, zikaziba mishipa midogo. Mwenye nakala moja iliyobadilika anayo nyingine nzima inayomtosha, na anaweza kuishi hadi uzeeni, akavua, akapanda minazi, bila kujua lolote. Maradhi hutokea pale mtoto anapopata nakala iliyobadilika kutoka pande zote mbili. Katika mirathi mtu hawezi kuacha asichokuwa nacho, na kwa kweli hata katika jeni hawezi. Tofauti ni kwamba hapa alikuwa nacho pasi na kukijua, na babu yake vilevile.

Hoja ya pili ilinigusa zaidi, maana bibi hakuwa amekosea katika aliyoyaona. Mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hiyo, nayo humkinga kwa miezi ya mwanzo. Himoglobini hiyo inapopungua na ile ya ukubwani kuchukua nafasi yake, ndipo dalili hujitokeza, na uvimbe wenye maumivu wa vidole vya mikono na miguu mara nyingi ndio wa kwanza kuonekana. Kilichokuwemo tangu mimba kutungwa kimechelewa tu kujionyesha.

Hapa yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo lugha yetu huyafunga katika kifurushi kimoja. Maradhi ya kuzaliwa nayo ni yale yaliyopo mtoto anapozaliwa, na sababu yake inaweza kuwa nje kabisa ya jeni, kwa mfano mama kuambukizwa rubela akiwa mjamzito. Maradhi ya kinasaba ni yale yanayotokana na badiliko katika jeni au kromosomu, zile nyuzi ndani ya chembe zinazobeba jeni. Ya kurithi ni yale ambayo badiliko hilo limetoka kwa mzazi. Sindromu ya Down, ambayo Jérôme Lejeune na wenzake waliieleza mwaka 1959 kwamba husababishwa na kromosomu ya 21 kuwepo mara tatu badala ya mbili, ni ya kinasaba na mtoto huzaliwa nayo, lakini kwa kawaida haikurithiwa. Ni ajali ya mgawanyiko wa chembe wakati yai au mbegu inapotengenezwa. Neno sindromu lenyewe halina kitisho chochote: ni dalili kadhaa ambazo huandamana pamoja, zikapewa jina moja.

"Tumeambiwa robo, na huyu ndiye robo yetu"

Baba mmoja wa Majengo, ambaye mtoto wake wa kwanza ni mgonjwa, alinihesabia kwa vidole: wameambiwa mmoja kati ya wanne, huyu ameshalichukua fungu lake, hivyo watatu wanaokuja watakuwa salama. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu robo ndivyo ilivyo katika mirathi; ikishatolewa, imetoka.

Robo ya jeni haigawiwi kwa watoto, bali huanza upya kwa kila mimba. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja iliyobadilika, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na maradhi, mbili kati ya nne ya kuwa kama wazazi wake, na moja kati ya nne ya kutochukua badiliko lolote. Ni dadu inayotupwa tena, nayo haikumbuki ilivyoanguka jana. Kwa hesabu hiyohiyo, takriban familia moja kati ya tatu za namna hiyo zenye watoto wanne haitapata mgonjwa hata mmoja, na familia moja kati ya 256 itapata wagonjwa wote wanne. Inayopata wote wanne haikurogwa na jirani yake aliyesalimika.

"Majibu ni chanya, kwa hiyo ni mgonjwa"

Neno chanya nje ya maabara ni neno la heri, na ndani ya maabara huwa la kuogofya. Kwa vyovyote vile halisemi mengi. Kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda huwa chanya kwa mwenye nakala moja na kwa mwenye nakala mbili pia, yaani hakimtofautishi mtu mwenye afya na mgonjwa. Tena kikifanywa kwa mtoto mchanga, kinaweza kutoka hasi ilhali maradhi yapo, kwa sababu ya ile himoglobini ya tumboni. Nimewahi kumwona kijana aliyeacha mpira kwa kipimo hicho peke yake, akijiona mgonjwa kwa mwaka mzima. Kipimo cha kuamulia ni kile kinachozitenga aina za himoglobini, kiitwacho elektroforesi, ambacho majibu yake huja kwa herufi: AA kwa asiye na badiliko, AS kwa mwenye nakala moja iliyobadilika, au SS kwa mwenye mbili, yaani mgonjwa.

Herufi hizo nazo zimezua mkanganyiko wake, kwani wapo wanaozidhani kuwa kundi la damu. Kundi la damu ni A, B, AB au O, na halihusiani kabisa na jambo hili. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AA au SS.

Ama neno mbebaji, ambalo hutumiwa kwa mwenye AS, laiti lingepatikana lingine. Tumelizoea katika habari za virusi, na wazazi huniuliza kama mbebaji hatakiwi kuchangia kijiko na wenzake. Mbebaji wa jeni haambukizi chochote kwa mate, kwa damu wala kwa kitanda. Anachoweza kufanya ni kumpitishia mtoto wake nakala moja.

"Ni maradhi adimu, hayatuhusu watu wa Pwani"

Adimu ni neno la kuhesabu, na hesabu hubadilika kwa mahali. Ulaya maradhi huitwa adimu yakiwa chini ya mtu mmoja kati ya 2,000. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1983, yakiwa na wagonjwa wasiofika 200,000 nchini kote. Kwa kipimo hicho selimundu huko ni adimu, na kwetu sivyo kamwe. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini mwaka 1949 akakuta nakala ya selimundu kwa wingi Pwani na kando ya ziwa la Victoria, na kwa uchache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa sababu yake: mwenye nakala moja hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Mbu wa Pwani ndiye aliyewachuja mababu zetu, akawaacha wengi wenye AS wazae. Kinga hiyo haimfikii mwenye SS, ambaye malaria humdhuru vibaya.

"Kosa ni la mama"

Mtoto wa kiume anapotahiriwa na damu ikakataa kukoma, huenda ana himofilia, upungufu wa protini ya kugandisha damu. Jeni yake imo katika kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama, na hapo ndipo watu humnyoshea mama kidole. Hata hivyo, takriban theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika familia ambazo hazijawahi kuwa na mgonjwa, na mara nyingi badiliko hilo ni jipya katika ukoo. Iwapo kuna mjomba aliyetokwa na damu hivyo, daktari aambiwe kabla ya tohara.

Mtoto mwenye ualbino naye humletea mama yake kesi nzito, ya kwamba alitembea na Mzungu. Ualbino wa ngozi na macho huhitaji nakala mbili, hivyo mume mweusi tititi anaweza kabisa kuwa ndiye aliyetoa moja. Na tukitaka kusawazisha lawama, tuitazame akondroplasia, aina inayojulikana zaidi ya ufupi wa maumbile: takriban asilimia 80 ya wenye hali hiyo wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, na badiliko hilo jipya huongezeka kadiri umri wa baba unavyosogea. Sijasikia mzee yeyote akiulizwa barazani kuhusu hilo.

"Maradhi ya jeni hayana dawa, tumwachie Mungu"

Kuponya na kutibu ni mambo mawili. Tiba ya selimundu kwa njia ya kuhariri jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, kwa bei iliyotajwa Marekani ya takriban dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na kwa bei hiyo sina budi kuipita haraka. Lililo karibu nasi ni jingine. Penisilini ya kila siku utotoni, kinga ya malaria, chanjo na maji ya kutosha huokoa maisha. Vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo huirudisha kwa kiasi ile himoglobini ya tumboni, vilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 600 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kupungua kwa maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo.

"Kuoa binti ami ndiko kunakoleta yote haya"

Hapa ukweli una pande mbili. Ndoa ya mabinamu haitengenezi badiliko, bali huongeza nafasi ya wawili wenye badiliko moja kukutana, kwa sababu babu yao ni mmoja. Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta kasoro za kuzaliwa nazo zikipanda kutoka takriban asilimia 3 hadi 6. Ni mara mbili, na bado watoto 94 kati ya 100 walizaliwa bila kasoro hizo. Kwa selimundu hasa, kuoa mbali hakutoshi kuwa kinga katika mwambao ambao nakala hiyo imeenea kiasi hiki.

Bibi aliyenijia alikuwa na mwana mwingine, ami yake huyo mtoto, ambaye posa yake ilikuwa imeshapelekwa. Baada ya kunisikiliza aliniuliza jambo moja tu, kama kijana apimwe kabla ya kwenda kusoma nikaha. Nilimwambia ndiyo, apimwe elektroforesi na si kile kipimo cha haraka; akitoka AS, mchumba naye apimwe; na asipime mara baada ya kuongezwa damu, kwa kuwa majibu yatakuwa yamechanganyika na ya aliyemchangia. Alinitaka niliandike neno hilo refu kwenye kipande cha karatasi, akalifunga katika pindo la leso.