CHD ni nini hasa, na kwa nini zip haikusaidii

Vijana kibao hapa Mombasa siku hizi wanacheza geimu za PlayStation za zamani, PS1 na PS2, kwa simu, unawakuta barazani Majengo ama wanangoja feri Likoni, na kilio chao kimoja, memori kadi imejaa. Hapo ndo mtu anaambiwa "igeuze iwe CHD", yaani faili moja iliyobanwa yenye diski nzima, na anaitikia tu.

Sasa iko hivi. Diski ya PS1 ni CD, ikijaa inakaribia MB 700, ukiinakili kwa kompyuta unapata faili mbili, bin ambayo ndo mzigo wenyewe, na cue ambayo ni maandishi mafupi ya kuonyesha data iko wapi na nyimbo ziko wapi. PS2 nyingi ni DVD, hapo unaongelea mpaka GB 4.7 kwa leya moja. Na si yote ni geimu, diski zingine zimejazwa sifuri tupu pale palipobaki, nafasi yako inaliwa bure.

Utasema si nizip tu? Tatizo ni kwamba geimu haisomi diski kwa mstari, inarukaruka, mara ramani mara sauti ya adui, na zip ni gunia la sukari lililoshonwa, lazima ulimwage lote ndo upate kijiko. CHD ni ile sukari ya dukani iliyofungwa robo robo. Ilitoka kwa watu wa MAME, emuleta (programu ya kuigiza mashine nyingine) ya mashine za geimu za arcade, na inachofanya ni kuikata diski vipande vidogo, kwa CD kawaida sekta 8 kila kimoja, kila kipande kinabanwa kivyake, alafu inaweka orodha ya kipi kiko wapi. Emuleta ikitaka kitu inafungua kipande hicho tu. Nyimbo za CD zinabanwa kwa FLAC. Na hakuna kinachotupwa, wale wanaosema picha inafifia wanakuchezea akili, ukitumia extractcd, amri ya kuifungua tena, data inarudi ile ile.

Kuitengeneza ni amri moja kwa kompyuta, kwa chdman, programu ya hao hao MAME:

chdman createcd -i geimu.cue -o geimu.chd

Mpe cue, si bin. Iso (faili ya diski nzima) ya DVD ya PS2 ni createdvd badala ya createcd. Itapungua kiasi gani? Inategemea, geimu iliyojaa video haishuki sana maana video zilishabanwa tangu kiwandani, zingine zinashuka mpaka unashangaa.

Geimu kama Final Fantasy VII ina CD 3, kwahivo utakuwa na CHD 3 na kifaili cha maandishi cha m3u kinachozitaja. Geimu za GameCube na Wii za Nintendo achana na CHD, emuleta yao Dolphin ina yake inaitwa RVZ. Katriji za SNES, mashine ya zamani ya Nintendo, usijisumbue kabisa, hata MB 10 hazifiki.

Na bin usiifute kabla hujaiwasha hiyo CHD ukaona inacheza.