Je, Dar inaikimbia ndege inayotoka Mwanza?

Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na Dar es Salaam iko kusini-mashariki ya Mwanza. Kwa hiyo wengi huamini kwamba ndege ikiwa angani, Dar inazidi kusogea mbele yake, na kwamba ya kurudi huwahi kwa sababu Mwanza inaijia.

Sivyo, na hesabu moja inatosha kuonyesha. Karibu na ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,650 kwa saa. Jeti kama Airbus A220 hukata kama 830. Dunia ingekuwa inaiacha ndege nyuma, abiria wa Dar wangejikuta, baada ya saa moja, juu ya Kongo!

Hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege inakwenda ndani ya hewa hiyo. Mwangalie muuza karanga kwenye kivuko cha Kamanga, Ziwa Victoria: kutoka tezi hadi omo anapiga hatua zilezile anazopiga akirudi, ingawa chombo kinakwenda upande mmoja tu. Akirusha karanga juu, inamrudia kiganjani, haiangukii ziwani. Ndege iliyoegeshwa Mwanza tayari ina mwendo wa dunia, na ikipaa inapaa nao.

Ila hewa haishikamani na ardhi kikamilifu. Tofauti inayobaki ndiyo upepo, na katika ukanda wetu, huko juu, mara nyingi hutoka mashariki. Anayekwenda Dar hupata upepo wa mbisho, anayerudi husukumwa. Umbali wa angani ni kama kilomita 850. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ungefanya dakika 64 kwenda na 59 kurudi. Zipo siku mambo hugeuka.

Mbona basi tiketi ya jeti huandika karibu saa moja na nusu? Kwa sababu muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine. Halafu kuna kupaa. Njia ya kurukia ya Mwanza imelala nyuzi 120 kwa 300 za dira, na Dar iko karibu nyuzi 125, yaani ukirukia upande wa nchi kavu unakuwa umeshaielekea. Lakini ndege hurukia upepo unakotoka, na mchana ziwa huvumisha upepo kuja nchi kavu. Hapo rubani hupaa akilitazama ziwa, Dar ikiwa mgongoni, kisha ageuze.

Kushuka nako kuna kanuni yake: kwa kila futi 1,000 za kimo, umbali wa maili 3 za baharini. Kutoka futi 37,000 ni maili 111, karibu kilomita 205. Ndege iliyonyoosha njia huanza kushuka, na baadaye kupunguza mwendo, ikiwa bado maeneo ya Kilindi, mkoani Tanga, karibu robo ya safari ikiwa mbele.